Ruzuku ya gesi, uniti za bei nafuu na jiko banifu: mama lishe wa Mtwara aanze na kipi?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama lishe, nina banda la chakula pale Feri, Mtwara mjini, nyumbani ni Magomeni. Napikia mkaa, kuni za mkorosho zikipatikana nachanganya. Kila siku redioni nasikia serikali inatoa ruzuku ya nishati: mara mitungi, mara majiko, mara gesi ya bomba. Mtaani kwetu sijamwona aliyepata. Umeme nao umenishinda. Nilikuwa nikinunua wa 5,000 napata uniti 41. Tangu ninunue friza ya kuhifadhia samaki na kugandisha barafu, 5,000 hiyo hiyo inanipa uniti 14. Mume wangu ana bajaji, naye anataka kufunga mfumo wa gesi. Naomba unieleze kipi kipo kweli, na mtu wa kipato changu aanze na kipi?"

JIBU: Marahaba, dada yangu. Umeuliza mambo manne, nami nitaanza na lile ulilolitaja katikati, la umeme, kwa sababu hapo ndipo unapopoteza hela kila mwezi. Pia hapo ndipo palipo na unafuu wa serikali ambao tayari ulikuwa mkononi mwako, ukakuponyoka bila mtu kukueleza.

Uniti 41 na uniti 14 si kosa la mashine wala wizi wa wakala. Ni bei mbili tofauti. Mteja wa nyumbani anayetumia umeme kidogo huwekwa kundi la D1. Humo, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na zinazozidi hapo ni shilingi 350. Mteja wa kawaida yuko T1, na uniti yake ni shilingi 292, awe ametumia kumi au mia tatu. Juu ya bei hizo kuna VAT asilimia 18, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Jumla yake ni asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya D1 inakufikia kwa shilingi 122, na ya T1 kwa 356 na senti kidogo. Gawanya 5,000 kwa 122, unapata 41. Gawanya kwa 356, unapata 14. Friza imekuvusha uniti 75, na ulipoendelea kuvuka ukahamishwa kundi. (Ukiona ununuzi wa kwanza wa mwezi unatoa uniti pungufu zaidi, ile 1,500 ni kodi ya jengo inayokatwa kupitia luku. Haihusiani na kundi lako.)

Katika vivutio vyote utakavyovisikia redioni, D1 ndiyo inayomlipa mwananchi kila mwezi kwa sababu tu ametumia kidogo. Mtungi wa ruzuku unanufaika nao mara moja, siku ya kuununua. D1 unanufaika nayo miezi 12 ya mwaka, mradi uchunge matumizi. Ndiyo maana nakuomba uipiganie kwanza kabla hujaenda kupanga foleni ya kitu kingine chochote.

Sasa friza yenyewe. Fanya kipimo hiki, hakina gharama. Siku moja saa 12 jioni andika uniti zilizobaki kwenye luku, chomoa kila kitu nyumbani isipokuwa friza, taa tumia ya betri. Kesho yake saa 12 jioni soma tena. Tofauti ndiyo ulaji wa friza kwa siku. Friza kubwa iliyotumika, hasa zile za mtumba zinazoshushwa bila kujulikana umri wake, kula uniti mbili na nusu kwa siku ni jambo la kawaida. Zidisha kwa siku 30: uniti 75. Yaani chombo kimoja kinamaliza peke yake uniti zote za bei nafuu ulizopewa, na taa, feni na televisheni vyote vinaangukia bei ya juu.

Kabla hujafikiria kuiuza, iangalie kwa karibu. Chukua noti, iweke kati ya mlango na mpira, funga, halafu ivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka na baridi inatoka usiku kucha, wakati mpira wenyewe unabadilishwa na fundi yeyote wa majokofu. Angalia barafu iliyoganda kwenye kuta za ndani: ikizidi unene wa kidole, injini inafanya kazi zaidi kwa baridi ile ile, hivyo izime na uiyeyushe. Iache ipumue kwa nyuma, isigusane na ukuta, na isikae chumba kimoja na jiko. Samaki waliopikwa wasiingizwe wakiwa bado wanafuka moshi. Mambo haya ukiyafanya yote unaweza kupunguza ulaji wa friza kwa kiasi cha kuonekana kwenye luku, ingawa friza iliyozeeka sana haitageuka kuwa mpya.

Zaidi ya hapo, friza ile ni ya biashara, na biashara ina hesabu yake. Tuseme nyumba yako bila friza inatumia uniti 50 kwa mwezi, na friza inakula 75. Vyote vikiwa mita moja kwenye T1, ni uniti 125, karibu shilingi 44,500. Ukiihamishia friza bandani au kwenye mita nyingine ya T1, itatumia kama 26,700, na nyumba ikirudi D1 italipa 6,100. Jumla 32,800. Friza ni ile ile, samaki ni wale wale, na kila mwezi umebakiza zaidi ya 11,000. Matumizi ya nyumbani yakishashuka na ununuzi wako ukaonyesha hivyo, nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita, uombe wakupitie upya kundi. Usisubiri wakuone wenyewe.

Nina lawama moja kwa mpangilio huu, na naisema wazi. Ni mpangilio mzuri unaomhurumia mnyonge, lakini umewekwa kama ukingo wa korongo: mtu wa uniti 74 na mtu wa uniti 90 wanakaribiana maisha, ila wa pili akihamishwa T1 analipa zaidi ya mara tatu kwa mwezi. Mjasiriamali mdogo kama wewe, anayejaribu kukua kwa kununua friza, ndiye anayeanguka. Ningependa kuona unafuu unaofuata ubora wa kifaa pia, ili anayenunua friza isiyokula umeme apunguziwe bei dukani. Hapo nchi nzima ingeokoa umeme badala ya kila nyumba kuhangaika peke yake.

Tuje kwenye kupika. Mei 8, 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, na shabaha yake ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mitungi na majiko unayoyasikia yanatokana na msukumo huo, na msimamizi mkubwa ni REA. Mitungi ni ya kilo 6 pamoja na kichomeo chake, mnunuzi analipa nusu ya bei na serikali inalipa nusu. Mpango ulitenga mitungi 3,255 kwa kila wilaya, mlengwa mkuu akiwa mtu wa kijijini na pembezoni mwa miji, na kitambulisho cha NIDA au namba yake huhitajika. Hii ndiyo sababu hujamwona jirani wa Magomeni aliyepata. Mtungi huo unamlenga zaidi mtu wa Nanguruwe au Kitaya, au kule Tandahimba. Ukiwa na ndugu kijijini, mwambie aulizie ofisi ya mtendaji. Majiko banifu ya ruzuku, yaani yale yanayobana matumizi ya mkaa au kuni, yanapita njia hiyo hiyo.

Hata ungeupata, mtungi wa kilo 6 si chombo cha banda la Feri. Kichomeo chake ni kidogo, sufuria ya wali wa watu 40 haikai sawa juu yake, na moto mwingi unapita pembeni. Kichomeo kikubwa cha mgahawa kinaweza kula nusu kilo ya gesi kwa saa, maana yake kilo 6 zinaisha ndani ya saa 12 za moto. Ukienda kwenye gesi kwa biashara, nenda na mtungi wa kilo 15 au zaidi, na jiko la chuma lenye miguu imara. Na unapojaza, usikubali mtungi usiopimwa. Shingoni pameandikwa uzito wa mtungi mtupu. Ikiwa ni kilo 15.4 na unanunua gesi kilo 15, mzani lazima usome 30.4. Wakala anatakiwa kuwa na mzani dukani. Asiye nao, nenda kwa mwingine. Ukishafunga regyuleta ya mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio, na likitoa mapovu usiwashe.

Sasa niseme jambo ambalo wahamasishaji wengi hulikwepa. Tufanye hesabu kwa bei za mfano, wewe utaweka zako. Kilo ya mkaa tuseme 800, kilo ya gesi 4,000, uniti ya umeme wa bandani 356. Kilo ya mkaa ina joto sawa na la uniti 8 hivi za umeme, lakini jiko la kawaida la bati linaingiza chini ya moja ya tano ya joto hilo kwenye sufuria. Linalobaki linaipasha moto hewa ya Feri na miguu yako. Kwa hiyo uniti moja ya joto linaloivisha chakula inakugharimu kama shilingi 500. Gesi ina joto la karibu uniti 13 kwa kilo, na nusu yake hufika kwenye chungu: shilingi 600 na zaidi. Jiko la kawaida la umeme, lile la sahani, linatoka kama 500. Jiko banifu zuri, lenye udongo uliochomwa vizuri ndani yake, linafikisha theluthi ya joto la mkaa: shilingi 300.

Umeona? Kwa mfuko peke yake, mkaa kwenye jiko banifu bado unaishinda gesi. Ndiyo maana watu wanachukua mtungi wa ruzuku, wanapikia chai ya asubuhi, na mbaazi zinarudi kwenye mkaa. Si ujinga wala ukaidi, ni hesabu. Bei ya mkaa haijabeba gharama ya msitu. Kwenye tanuri la udongo la kienyeji, kilo 10 za mti mkavu huishia kuwa kilo moja au mbili za mkaa, na zaidi ya nusu ya nguvu ya mti huteketea humo tanurini kabla gunia halijafungwa. Haijabeba pia gharama ya kifua chako. Takwimu za serikali zinataja vifo takribani 33,000 kwa mwaka nchini vinavyohusishwa na moshi wa kupikia. Mimi naamini ruzuku ingepaswa kugusa kujaza mtungi, angalau kwa miaka ya mwanzo, kuliko kuishia kwenye mtungi wenyewe. Aliyepewa mtungi akashindwa kuujaza hajaondolewa kwenye moshi.

Serikali inajua nguvu ya bei, na imewahi kuitumia. Mwaka 2011 ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili yakaribie bei ya dizeli, lengo likiwa kukomesha uchakachuaji, yaani kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, na uchakachuaji ukakosa faida. Juni 2022, mafuta yalipopaa duniani, ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupoza bei ya petroli na dizeli. Ile ilituokoa sote, nauli zisingeshikika, lakini ilikuwa ruzuku ya kutumia, haikuwa ya kubana matumizi. Ni vizuri kuzitofautisha aina hizi mbili unaposikia neno ruzuku.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa banda lako hautaki uhame kila kitu kwa siku moja. Angalia chakula kimoja kimoja. Kinachokula mkaa wako si ugali wala samaki, ni mbaazi na maharage, vitu vya kuchemka saa mbili na zaidi. Hivi vihamishie kwenye presha kuka ya umeme. Sufuria ya lita 6 inabeba kama kilo moja na nusu ya mbaazi kavu. Ziloweke usiku, na zitaiva kwa nusu uniti hadi robo tatu ya uniti. Ukizipika nyumbani alfajiri ukiwa umesharudi D1, hazifiki shilingi 100. Hata kwa bei ya T1 ni kama 270, wakati mkaa wa kazi hiyo hiyo, kilo moja au zaidi, ni 800 na kuendelea. Siri yake ni kwamba ukishapandisha presha chombo kinajizima chenyewe na joto linabaki ndani, kwani kimefunikwa kotekote. Ila uwe makini: siku 26 za kazi kwa robo tatu ya uniti ni karibu uniti 20. Nyumba ya uniti 50 inafika 70. Umebakiwa na uniti 5 tu, kwa hiyo taa za zamani za wati 60 zitoke zote uweke za LED za wati 9.

Ugali wa muhogo unataka moto mkali wa muda mfupi na sufuria isiyoyumba wakati wa kusonga. Huo weka kwenye gesi au kwenye jiko banifu kubwa. Mchuzi wa nazi na wali vinafuata hapo hapo, mfuniko juu, na moto ukipunguzwa mara tu maji yanapochemka, kwa maana maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayochemka taratibu. Ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, na mihogo ya kuchemsha nayo inaingia vizuri kwenye presha.

Kuni za mkorosho sizikatazi, mikorosho lazima ipogolewe kila mwaka na matawi yapo. Lakini usichome tawi bichi. Kuni iliyokatwa leo inaweza kuwa nusu yake ni maji, na moto wako unaanza kwa kuyakausha maji hayo ndipo uivishe chakula. Zipange chini ya paa, zisigusane na udongo, zikae hadi zipasuke nyufa kwenye ncha na zilie kavu ukizigonganisha. Moshi unapungua, na fungu moja linafanya kazi ya mafungu mawili.

Fedha ya kununulia presha kuka na jiko la gesi, usiende kwa wakopeshaji wa mtaani. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka wa fedha 2024/25. Mama lishe mkiwa kikundi kilichosajiliwa, nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani na andiko linaloonyesha mnatumia kiasi gani cha mkaa kwa wiki na mtaokoa kiasi gani. Kikundi chenye hesabu ya namna hiyo mezani kinasikilizwa tofauti na kinachoomba mtaji kwa ujumla. Ukifikiria sola kwa ajili ya taa za banda, fahamu pia kwamba paneli zenyewe zina msamaha wa VAT, hivyo soma risiti yako.

Gesi ya bomba ni jambo linalonigusa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, tangu 2015 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba kutoka Madimba, na sote tunakumbuka Mtwara ya mwaka 2013 ilivyolia juu ya suala hilo. TPDC, shirika la petroli la taifa, imeunganisha baadhi ya nyumba hapa Mtwara, na kwa kushirikiana na REA ilipanga kaya 980 katika Mnazi Mmoja kule Lindi na Mkuranga, Pwani. Kwa mama lishe, bomba ni bora kuliko mtungi kwa sababu mbili: hulipi mkupuo, unalipia ulichotumia, na huishiwi katikati ya wali. Kazi hii inastahili kwenda haraka zaidi katika mikoa ambako gesi inachimbwa, na sioni aibu kulisema hilo. Nenda ofisi ya TPDC uulize kama mtaa wenu au eneo la Feri lipo kwenye ramani ya kusambaza. Ukisikia lipo, usinunue mtungi mkubwa wa pili.

Kuhusu bajaji, mwambie shemeji yangu asubiri. Gesi ya magari inaokoa fedha kweli, na wenzake wa Dar es Salaam ni mashahidi, lakini vituo vingi vya kujazia viko huko. Kufunga mtungi wa gesi kwenye bajaji inayozunguka Mtwara bila kituo cha umma cha uhakika karibu ni kubeba uzito bure huku ukiendelea kununua petroli. Kwa sasa apime upepo wa matairi kila wiki, asafishe filta ya hewa kila mara kwa vumbi letu hili, na aangalie bei kikomo za EWURA zinazotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Mafuta yanayoshushwa bandari ya Mtwara yana bei yake tofauti na ya Dar es Salaam au Tanga, na kituo kikimtoza zaidi ya kikomo cha hapa ana haki ya kulalamika akiwa na risiti.

Anza na kile kipimo cha friza, jioni hii kama umeme upo. Ukinitumia namba mbili za luku na kilo za mkaa unazotumia kwa wiki, nitakufanyia hesabu ya banda lako kwa bei za kwako mwenyewe.